iPad imekataa namba ya siri: usiizime kwanza

Mtu akisahau namba ya siri ya iPad yake, mkono hukimbilia kitufe cha kuzimia. Izime, iwashe, huenda akili ikairudia. Hapo ndipo wengi wanapojifungia mlango wa pili. iPad iliyozimwa na kuwashwa haijiungi tena na Wi-Fi ya nyumbani hadi ifunguliwe kwa namba yake walau mara moja, kwa sababu nywila ya Wi-Fi nayo imewekwa nyuma ya kufuli lile lile. Bila intaneti, njia mbili kati ya tatu za kuirudisha mkononi mwako zinakufa papo hapo. Inabaki ile ya kompyuta, ambayo ndiyo ndefu na ndiyo inayokula bando.

Kwa hiyo kabla ya lolote: iache ikiwa imewaka, ichomeke chaji, isitoke kwenye Wi-Fi iliyoshika, na uache kubahatisha namba. Kama ni iPad ya laini, na laini yenyewe haina PIN, kuzimika si msiba, maana data ya mtandao wa simu hufanya kazi hata kabla haijafunguliwa.

La pili la kukubali mapema ni kwamba namba uliyoisahau hairudi. Kinachorudi ni kifaa. Picha, daftari na mafaili yaliyomo yatarudi tu ikiwa yana nakala mahali pengine, na karibu kazi yote ya maana hapa ni kuhakikisha hilo kabla hujagusa kitufe cha kufuta.

Kwa nini hakuna wa kuifungua bila kufuta

Namba yako haijaandikwa mahali fulani ndani ya iPad ikisubiri fundi mjanja aisome. Kila unapoiandika, huchanganywa na ufunguo uliochomwa ndani ya chipu tangu kiwandani, ufunguo ambao hata programu ya iPad yenyewe haiwezi kuusoma, na mchanganyiko huo ndio unaofungua mafaili. Ukiitoa chipu ya kumbukumbu ukaisomea nje, utapata takataka tupu. Kazi hiyo hufanywa na sehemu maalumu ya chipu iitwayo Secure Enclave, iliyomo kwenye iPad tangu iPad Air na iPad mini 2 za mwaka 2013.

Jaribio moja limepangwa lichukue takriban milisekunde 80. Kwa hesabu ya Apple wenyewe, kujaribu michanganyiko yote ya nywila yenye herufi ndogo na tarakimu, jumla sita, kungechukua zaidi ya miaka mitano na nusu. Na hayo ni kabla ya kuhesabu adhabu za kusubiri: ukikosea mara kadhaa inafunga kwa dakika 1, kisha 5, kisha 15, kisha saa 1 (matoleo mapya huongeza na saa kadhaa juu yake), na kosa la kumi huifunga kabisa. Zaidi ya hapo, upo mpangilio uitwao "Erase Data", ambao ukiwa umewashwa hufuta kila kitu kwenye kosa hilo la kumi. Mwenye watoto wanaopenda kuchezea vioo huutambua akiwa amechelewa.

Mwaka 2016 FBI walikwenda mahakamani Marekani kutaka Apple iwasaidie kufungua iPhone 5C moja. Apple ilikataa, na mwishowe FBI walipata msaada kwa watu wengine wa nje. Simu ile haikuwa hata na Secure Enclave. Akikwambia mtu kibandani kwamba atafungua iPad ya miaka ya karibuni kwa nusu saa na picha zako zibaki, mwambie aanze na nyingine.

Kama kidole au uso bado unafungua

Huu ni mwanya wenye saa zake, na wengi huupoteza kwa kutojua. Touch ID na Face ID hazifanyi kazi milele bila namba. iPad itaidai namba katika hali hizi: ikizimwa na kuwashwa; ikikaa zaidi ya saa 48 bila kufunguliwa kabisa; kidole au uso ukikataliwa mara tano; na pia kama namba haijatumika kwa saa 156 (siku sita na nusu) huku kidole au uso nao haujaifungua kwa saa 4 zilizopita. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowanasa watu asubuhi: jana usiku kidole kilifungua, umelala kwa muda wa saa saba, umeamka inataka namba.

Ikiwa bado inafunguka, basi fanya haya leo, si kesho. Nenda Settings, gusa jina lako juu, kisha iCloud, kisha iCloud Backup, na ubonyeze "Back Up Now". Akaunti ya bure ya iCloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ina GB 5 tu, kwa hiyo iPad yenye video nyingi itagoma. Hapo nunua nafasi ya mwezi mmoja au hamisha video kwanza. iPad yenye tundu la USB-C hupokea flashi moja kwa moja: fungua programu ya Files, chagua mafaili, yanakili kwenye flashi. Picha zinaweza kwenda Google Photos au kwa AirDrop kwenye kifaa cha ndugu. Kuchukua nakala kwa kompyuta, hata hivyo, usitegemee. Tangu iPadOS 16.1 (iPadOS ni mfumo unaoendesha iPad) kila nakala ya kompyuta inadai namba ya siri iandikwe kwenye iPad.

Usipoteze muda kutafuta pa kubadilishia namba ukiwa ndani. Ukurasa huo unadai namba ya zamani, na ule wa kufuta kila kitu pia. Toa mali yako, kisha urudi kwenye njia za hapa chini.

Ulibadilisha namba juzi tu?

Hii ndiyo hali pekee ya kawaida ambayo hakipotei kitu. Kuanzia iPadOS 17, iliyotoka 2023, iPad huikumbuka namba ya zamani kwa saa 72 tangu ulipobadilisha. Kosea namba mpya mpaka kioo kiseme "iPad Unavailable", gusa "Forgot Passcode?" pembeni chini, kisha "Enter Previous Passcode". Andika ile ya zamani, nayo itakutaka uweke mpya. Saa 72 zikipita, au kama wewe mwenyewe uliamuru kwenye Settings namba ya zamani ikome mara moja, mlango huo haupo.

Kabla ya kufuta, ipime akaunti ya Apple

Tangu mwaka 2013, kifaa cha Apple chenye "Find My" (huduma ya kukitafuta kikipotea) iliyowashwa hujifunga kwa akaunti ya mwenyewe. Ukikifuta, kikiwaka upya kitadai barua pepe na nywila ya akaunti hiyo kabla ya kukuruhusu kufanya chochote. Kufuta iPad bila kuijua nywila ya Apple ni kuruka majivu na kukanyaga moto: namba ya siri ilikuwa tarakimu sita, na ungeweza hata kuikumbuka bafuni, sasa umebaki na kioo cheupe kinachodai usichokuwa nacho, na mafaili yamekwisha kufutika.

Kipimo ni rahisi. Chukua simu yoyote, fungua icloud.com/find kwenye kivinjari, ingia kwa barua pepe na nywila yako. Ukurasa huo haudai ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye kifaa kingine, kwa sababu Apple wanajua kifaa chenyewe ndicho kilichopotea au kufungwa. Ukiiona iPad yako kwenye orodha, uko salama.

Ukikataliwa, nenda iforgot.apple.com. Itakupeleka kwenye namba ya simu uliyoisajili, na huko ndiko wengi hukwama: laini ile ilishakufa. Kama bado imesajiliwa kwa jina lako na kitambulisho chako, nenda duka la mtandao husika ukairudishe laini kabla ya kuendelea. Bila laini utaangukia kwenye utaratibu wa kurejesha akaunti, ambao huchukua siku kadhaa au zaidi, na katika kusubiri huko usivitumie vifaa vingine vilivyoingia kwenye akaunti hiyo, kwa kuwa kuvitumia kunaweza kulifuta ombi lako.

Kuna aina nyingine ya mkwamo tunayoiona sana kwetu: akaunti ilifunguliwa dukani siku ya ununuzi, na muuzaji akaweka barua pepe aliyoitunga yeye, namba yake ya simu, na nywila aliyokuandikia kwenye kipande cha boksi. Tafuta boksi. Lisipopatikana, muuzaji ndiye mtu wa kumtafuta, kwa kuwa ujumbe wa uthibitisho utakwenda kwenye simu yake.

Ukishahakikisha akaunti, jipe usiku mmoja zaidi. Kama iCloud Backup ilikuwa imewashwa, iPad hujichukulia nakala yenyewe ikiwa imechomekwa chaji, imefunga kioo na ipo kwenye Wi-Fi. Haihitaji kufunguliwa kwa ajili hiyo, mradi ilifunguliwa angalau mara moja tangu iwashwe. Hii ndiyo sababu ya pili ya kutoizima. Asubuhi ingia icloud.com uone picha na madokezo yaliyofika huko.

Kufuta kwenye kioo chenyewe

Njia hii ilikuja na iPadOS 15.2 mwishoni mwa 2021, na haihitaji kompyuta. Hapa kubahatisha kunaruhusiwa: endelea kukosea mpaka kitufe cha msaada kijitokeze chini. Kwenye iPadOS 15.2 na 16 kioo husema "Security Lockout" na kitufe ni "Erase iPad". Kwenye 17 na kuendelea gusa "Forgot Passcode?", kisha "Start iPad Reset". Itakuuliza mara ya pili, kisha itataka nywila ya akaunti ya Apple ili iondoe kufuli la akaunti na kufuta. Kisipojitokeza kitufe chochote na maandishi yanasema tu uunganishe kwenye kompyuta, ama toleo ni la zamani, ama iPad haina intaneti.

Ukipenda, amri hiyo hiyo inatumwa kutoka icloud.com/find: chagua iPad, kisha chagua kuifuta. Amri husubiri mpaka iPad ipate mtandao. Ikiwa iPad imezimwa na Wi-Fi haishiki, itasubiri hadi mwakani.

Njia ya kompyuta

Hii hufanya kazi hata kama iPad haina mtandao na hata kama haijawahi kuiona kompyuta hiyo. Haitaki ruhusa ya iPad, kwa sababu inaikamata kabla mfumo haujaamka. Ndiyo maana kuichomeka tu kwenye kompyuta huku imefungwa hakusaidii: tangu iOS 11.4.1 (iOS ndilo jina la zamani la mfumo wa iPad), iPad iliyokaa saa moja bila kufunguliwa huziba mawasiliano ya data kwenye tundu lake, ikaacha chaji peke yake.

Andaa vitu kwanza. Mac yenye macOS Catalina au mpya zaidi hutumia Finder. Mac ya zamani hutumia iTunes. Windows 10 na 11 hutumia programu ya Apple Devices kutoka Microsoft Store, au iTunes. Chromebook na Linux ziache. Diski iwe na nafasi ya kutosha, walau GB 20, kwa kuwa faili la mfumo lina GB kadhaa na hufunguliwa tena upande wa pili wakati wa kazi. Kwa iPad za miaka ya karibuni faili hilo hupita GB 5, basi nunua bando kwa hesabu hiyo. Chaji ya iPad iwe zaidi ya nusu.

Waya ndio unaoangusha watu wengi. Nyaya nyingi za bei ya chini za Kariakoo au Luthuli Avenue zina nyuzi za umeme tu, hazina za data. iPad itaonyesha inachaji, kompyuta haioni kitu, na utailaumu kompyuta. Upime waya huo kwa simu nyingine inayotumia tundu la aina hiyo: kompyuta ikizionyesha picha za simu, waya ni mzima. Uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB wala kwenye tundu la kibodi.

Sasa vitufe. iPad isiyo na kitufe cha duara chini ya kioo (iPad Pro tangu 2018, Air ya kizazi cha 4 na kuendelea, mini ya kizazi cha 6 na kuendelea, na iPad ya kawaida tangu kizazi cha 10) hutumia kitufe cha juu. Yenye duara, ikiwemo iPad ya kizazi cha 9 ya mwaka 2021, hutumia duara lenyewe.

1. Chomoa iPad kwenye kompyuta. Isiyo na duara: shikilia kitufe cha juu pamoja na kimoja cha sauti mpaka kitelezi cha kuzima kitokee. Yenye duara: shikilia kitufe cha juu peke yake. Telezesha, kisha subiri dakika nzima. Kuharakisha hapa ndiko kunakofanya hatua inayofuata ishindwe, kwa sababu iPad inakuwa bado inamalizia kuzima.

2. Fungua Finder, iTunes au Apple Devices kwenye kompyuta. Upande mmoja wa waya uwe umeshachomekwa kwenye kompyuta.

3. Shikilia kitufe (cha juu, au duara) na papo hapo uchomeke waya kwenye iPad. Usiachie nembo ya tufaha inapotokea. Endelea kushikilia mpaka uone mchoro wa waya na kompyuta, ndipo uachie. Ukiona ukurasa wa kuandika namba, uliachia mapema; zima uanze upya.

4. Kompyuta itasema kuna iPad yenye tatizo na kukupa chaguo mbili: "Update" na "Restore". Chagua "Restore". "Update" huweka mfumo mpya juu ya mafaili yako bila kuyagusa, jambo linaloonekana zuri, ila namba ya siri nayo haiguswi, na utarudi pale pale.

5. Subiri ipakue, ifungue faili, na kuweka mfumo. Baada ya kupakua, kazi yenyewe huchukua kama dakika 10 hadi 20. Usitikise waya.

Kwa mtandao wetu, dakika 15 ndizo zenye matata. Upakuaji ukizidi muda huo, iPad hutoka yenyewe kwenye hali hii na kurudi kwenye kioo cha namba. Haijaharibika kitu. Iache kompyuta imalize kupakua, kisha rudia hatua ya 1 hadi 4. Safari hii itatumia faili iliyonalo tayari. Mafundi wenye iPad nyingi hupakua lile faili la mfumo (huitwa IPSW) mapema usiku, bando likiwa rahisi, kisha kwenye iTunes hubonyeza "Restore" huku wameshikilia Shift (Option kwenye Mac) na kulichagua wenyewe. Faili lazima liwe la modeli hiyo hasa: soma namba ya modeli iliyoanza na A mgongoni mwa iPad, kwa mfano A2602 ni ya kizazi cha 9 isiyo na laini. Na liwe toleo ambalo Apple bado wanaliidhinisha, kwa kawaida la karibuni kabisa. Toleo la zamani ulilohifadhi tangu mwaka juzi litakataliwa.

Kukataliwa kwenyewe huja kwa namba. Kosa 9, 4005, 4013 au 4014 humaanisha mawasiliano yalikatika katikati: badilisha waya, badilisha tundu la USB, kisha kompyuta. Yakiendelea kwenye kompyuta tatu na nyaya tatu tofauti, shaka inahamia ndani ya iPad, kwenye tundu au ubao wake. Kosa 3194, na jirani zake 17 na 3004, humaanisha kompyuta haikufika kwenye seva ya Apple inayoidhinisha mfumo. Zima VPN, legeza kinga ya virusi, jaribu mtandao mwingine. Kwenye kompyuta ya fundi aliyewahi kuchezea mifumo, kagua faili la hosts (orodha ya anwani za mtandao iliyomo ndani ya kompyuta) kama lina mstari wenye gs.apple.com, na uufute.

Windows isipoiona iPad kabisa huku waya ukiwa mzima, tatizo huwa dereva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa: ondoa programu ya Apple, zima na washa kompyuta, iweke tena.

iPad ikiwaka upya

Itakusalimu kwa lugha nyingi kama siku ya kwanza. Chagua Wi-Fi, andika barua pepe na nywila ya Apple itakapodai, kisha ukifika ukurasa wa kurejesha data chagua nakala ya iCloud. Tarehe ya nakala imeandikwa pale, itazame kabla ya kugusa. Programu hurudi polepole nyuma ya pazia, kwa hiyo usishangae picha zikiwa vivuli vya kijivu kwa saa kadhaa.

iPad ya shule au ya kazini

Kama imesajiliwa na taasisi, usiifute. Msimamizi wa TEHAMA anaweza kutuma amri ya kuondoa namba ya siri kutoka mbali, na mafaili yakabaki yote. Huyu ndiye mtu pekee mwenye uwezo huo, kwa sababu ufunguo wake uliwekwa akiba siku iPad iliposajiliwa. Anachohitaji ni iPad iwe imewaka na ipo kwenye mtandao, na hapo tunarudi kule kule kwenye kutoizima. Ukiifuta mwenyewe, itawaka ikiwa na ukurasa wa usimamizi wa taasisi, na utakwenda kwa msimamizi huyo huyo, safari hii bila mafaili.

Ya mtumba

Muuzaji halali anaweza kuondoa kufuli la akaunti akiwa popote duniani: anaingia icloud.com/find, anaifuta iPad, kisha anaiondoa kwenye akaunti yake. Haichukui dakika tano, na hahitaji kukupa nywila yake. Anayekwambia haiwezekani, ama hajui, ama si yake.

Kwa aliyenunua dukani na akapoteza akaunti, Apple hupokea maombi kupitia al-support.apple.com. Wanataka risiti halisi ya ununuzi inayoonyesha namba ya kifaa, na kifaa kisiwe kimewekwa katika hali ya kupotea wala chini ya usimamizi wa taasisi. Karatasi iliyoandikwa "iPad 1, imelipwa" haifui dafu. Ukinunua leo, simamia muuzaji aiandike namba hiyo kwenye risiti.

Na zile programu za kuruka kufuli? Nyingi zinaegemea dosari iitwayo checkm8, iliyotangazwa 2019, iliyoko kwenye chipu za A5 hadi A11. Kwa iPad za chipu mpya zaidi ya hizo hazina pa kushika. Hata inapofaulu, hupati iPad kamili: iCloud haiingii, huduma za laini mara nyingi hazifanyi kazi, na kwa aina nyingi ikizimika tu kufuli linarudi. Wala hazirudishi faili hata moja la zamani.

Galaxy Tab na vishikwambi vingine vya Android

Kimsingi ni yale yale, tofauti ni vitufe. Toa kwanza kadi ya kumbukumbu kama ipo, kwa sababu picha zilizo kwenye kadi ya kawaida hazihitaji kufutwa pamoja na yaliyomo ndani ya kishikwambi. Kisha hakikisha unaijua akaunti ya Google iliyokuwemo, maana tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kishikwambi kilichofutwa kwa vitufe kitaidai. Kama ulilazimika kubadilisha nywila ya Google, Google wanashauri usubiri saa 24 kabla ya kufuta, la sivyo unaweza kukataliwa hata ukiandika nywila sahihi.

Kikiwa na mtandao, kifute kutoka android.com/find. Hakina, tumia vitufe. Kwa Galaxy Tab yenye Android 11 na kuendelea, lazima kiwe kimechomekwa kwenye kompyuta kwa USB, vinginevyo menyu haifunguki. Kompyuta haifanyi lolote, ila bila waya huo utabonyeza mpaka vidole viume. Shikilia kuwasha na kupunguza sauti kwa zaidi ya sekunde 7 mpaka kioo kiwe cheusi, kisha hamia haraka kwenye kuwasha na kuongeza sauti mpaka nembo itokee. Zenye kitufe cha Home huongezewa na hicho. Ndani ya menyu, vitufe vya sauti hupandisha na kushusha, cha kuwasha huchagua: "Wipe data/factory reset", kisha "Factory data reset", kisha "Reboot system now".

Walimu na maofisa wenye vishikwambi vya serikali, kama vile vilivyotumika kwenye sensa ya Tanzania ya 2022, waanze kwa aliyewakabidhi. Kwenye kifaa kilichosajiliwa na taasisi, akaunti itakayodaiwa baada ya kufuta inaweza kuwa ya taasisi, si ya Gmail ya mwalimu.